Shela, kofia za koni na mataji ya malkia kwenye tamthilia za kihistoria: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ikitoka tamthilia mpya ya wafalme wa Ulaya maswali ni yaleyale: mbona yule malkia nywele zake ziko wazi, ile koni kichwani inashikwa na nini, kwani walivaa taji hadi mezani? Hapa yamekusanywa yale yanayorudi zaidi. Mengi ni ya Uingereza, Ufaransa na Burgundy (himaya tajiri ya enzi zile kati ya Ufaransa na Ujerumani) kwa sababu tamthilia nyingi zinatoka huko, ila Waturuki nao wana swali lao huko chini.

## Mambo ya msingi

Zama za Kati ni lini, na hizi tamthilia zinaangukia wapi?

Kwa kawaida watu wanahesabu kuanzia karne ya 5 hadi mwisho wa karne ya 15. The White Queen inaanza 1464 na kuishia 1485, kwahiyo hiyo ni Zama za Kati kabisa, zile za mwisho mwisho. The White Princess inaendelea kuanzia hapo. The Spanish Princess ni miaka ya 1500 mwanzoni, The Tudors na Wolf Hall ni enzi za Henry VIII, na Reign ni Mary wa Scotland kuanzia miaka ya 1550, hapo Zama za Kati zilishapita zamani.

Watu wanaziweka zote kapu moja lakini vazi la kichwa lilikuwa linabadilika haraka sana, ndani ya miaka 20 au 30 tu mtindo unakuwa mwingine kabisa. Ukimwona mwanamke wa mwaka 1530 kavaa koni ndefu, jua kuna mtu hakufanya homuweki yake.

Kwani ilikuwa lazima mwanamke afunike kichwa?

Mwanamke aliyeolewa, ndiyo, kwa sehemu kubwa ya Ulaya na kwa karne nyingi. Sababu ya dini ipo, barua ya kwanza ya Mtume Paulo kwa Wakorintho sura ya 11, na padri alikuwa anaikumbusha. Lakini hata ukiweka dini pembeni, kitambaa kinazuia moshi wa jikoni na vumbi, na ilikuwa ni heshima ya mtu mzima. Msichana ambaye hajaolewa aliruhusiwa kuacha nywele wazi au kusuka, akaweka ukanda au shada la maua juu yake.

Ndo maana mimi nasema kichwa kilikuwa kinaongea kabla mtu hajafungua mdomo. Ukimwangalia tu unajua huyu kaolewa, huyu bado, huyu mjane, huyu ana hela, huyu mtawa. Kwa watu waliokulia sehemu za mtandio na ushungi hili halihitaji maelezo marefu. Mtu wa kike kutoka nje bila kitu kichwani watu wangejiuliza kapatwa na nini: kafiwa ghafla, anaumwa, au anaadhibiwa. Sasa tamthilia ikimvua kila mtu kitambaa, habari zote hizo zinapotea, inabidi mwandishi aziweke tena kwenye maneno.

Chini ya shela kulikuwa na nini? Mbona haitelezi?

Siri ni kofia ndogo ya kitani chini. Inakaa kabisa kwenye kichwa, nywele zimesukwa na kuzungushwa ndani yake, halafu shela inabanwa kwa pini kwenye ile kofia, wala haigusi nywele. Moja ya kofia hizo bado ipo mpaka leo, inaitwa kofia ya Mtakatifu Birgitta wa Sweden, ni vipande viwili vya kitani vimeunganishwa katikati kwa taraza ya kupendeza, inatunzwa Uden, Uholanzi. Mafundi wa sasa wameinakili mara nyingi, na wanaoivaa wanasema ukishaifunga mikanda yake kuzunguka kichwa haitoki.

Halafu pini. Pini nyingi mno. Mwaka 1348 Joan, binti wa mfalme Edward III wa Uingereza, alipokuwa anaandaliwa kwenda kuolewa Castile, Hispania ya leo, kwenye mzigo wake wa harusi zilitolewa pini 12,000 kwa ajili ya mashela yake. Masikini hakufika, tauni ilimwua njiani karibu na Bordeaux mwaka huohuo. Lakini ile hesabu ya pini inakuonyesha binti wa mfalme alivyokuwa anavalishwa: anasimama, na wanawake wengine wanambana kitambaa pini moja baada ya nyingine. Hiyo ndo sini ningependa kuiona kwenye TV, mama na binti wanaongea mambo mazito huku pini zinaingia.

## Aina za vazi la kichwa

Kile kitambaa cha kuzunguka kidevu kama cha masista ni nini?

Kuna viwili watu wanavichanganya. Barbeti ni utepe wa kitani unaopita chini ya kidevu na kufungwa juu ya kichwa, na wimpeli ni kitambaa kipana zaidi kinachofunika shingo na koo lote, kinabanwa pembeni karibu na masikio halafu shela inakuja juu yake. Vilitamba karne ya 12 na 13. Masista walibaki navyo baada ya dunia kuviacha, ndo maana leo tukiviona tunafikiri utawa moja kwa moja, wakati huo vilikuwa vya malkia.

Mfano mzuri ni Eleanor wa Aquitaine, malkia wa Ufaransa halafu wa Uingereza. Sanamu ya kaburi lake iko Fontevraud, Ufaransa, kalala na kitabu mkononi anasoma, taji liko juu ya shela, na kitambaa kimepita kidevuni. Nywele hazionekani hata kidogo, na bado ni mwanamke mwenye nguvu kuliko wote walioko pale. Wanaosema kufunika kichwa kunamfanya malkia aonekane dhaifu kwenye skrini wakaiangalie ile sanamu.

Zile pembe mbili kichwani ni kweli au ni utani wa wachoraji?

Ni kweli kabisa. Mwishoni mwa karne ya 14 nywele zilianza kukusanywa kwenye mafungu mawili juu ya masikio ndani ya wavu, wakati mwingine wavu wa dhahabu na lulu, halafu yale mafungu yakawa yanapanda juu mwaka hadi mwaka mpaka yakawa pembe. Kuna kitabu cha Christine de Pizan kiko Maktaba ya Uingereza, cha kama 1410 hadi 1414, ndani yake kuna picha Christine anampa kitabu malkia Isabeau wa Ufaransa chumbani kwake. Malkia kavaa kitu kizito cha vito chenye umbo la moyo, na Christine mwenyewe, mjane anayeishi kwa kalamu yake, ana pembe zake lakini za kitani nyeupe tu. Mtindo mmoja, hadhi mbili, picha moja. Ningekuwa nafundisha wabunifu wa mavazi ningeanza na hiyo picha.

Kwa Uingereza angalia sanamu ya kaburi la Beatrice, Countess wa Arundel, aliyefariki 1439, pembe zake ni pana kuliko mabega ya baadhi ya watu. Na mke wa mchoraji Jan van Eyck, Margaret, alichorwa 1439 na pembe zake na shela ya kitani yenye marinda mengi pembeni, yeye ni mke wa fundi, sio malkia.

Ile kofia ndefu ya koni ya kwenye hadithi za watoto, walivaa kweli?

Walivaa, ila kwa muda mfupi na sehemu chache. Ni mtindo wa Ufaransa na Burgundy, zaidi kati ya miaka ya 1450 na 1480. Tunaiita henini. Michoro ya watoto imeifanya ionekane kama kila binti wa mfalme kwa miaka 1,000 alitembea na koni, wakati ni kama kizazi kimoja tu.

Koni yenyewe ilikuwa nyepesi, kitambaa kilichokazwa au fremu, juu imefunikwa hariri au velveti. Haikusimama wima kama mnara, ililala kwa nyuma, na nywele zote zilivutwa zikaingia ndani. Mbele kwenye paji la uso utaona kitanzi kidogo cheusi, na mara nyingi kuna ukanda mpana wa velveti nyeusi unaoshuka pande zote mbili za uso, unasaidia kuizuia isianguke nyuma. Shela nyembamba inatoka kwenye ncha au inafunika yote. Nywele za mbele zilinyofolewa ili paji la uso liwe refu na safi, hilo lilikuwa uzuri wenyewe.

Ukitaka kuiona vizuri tafuta Maria Portinari, mke wa mfanyabiashara wa Florence aliyekaa Bruges. Hans Memling alimchora karibu 1470, na Hugo van der Goes akamchora tena kwenye picha kubwa ya altare ambayo sasa iko makumbusho ya Uffizi, Florence, humo koni yake nyeusi imepambwa kwa lulu na herufi T na M, za Tommaso mumewe na Maria.

Wahubiri walichukia sana mapambo ya kichwa. Mwaka 1428 alipita Flanders na Picardy (Ubelgiji na kaskazini mwa Ufaransa ya leo) mtawa mmoja wa shirika la Wakarmeli, Thomas Conecte, akawa anawachochea watoto wawapigie kelele wanawake waliovaa hivyo barabarani. Mwandishi wa matukio Monstrelet anasema wanawake walijificha kama konokono anavyorudisha pembe zake mtu akipita karibu, mhubiri alipoondoka pembe zikatoka tena, kubwa kuliko mwanzo. Kumbuka tu mwaka huo koni zilikuwa bado, alikuwa anazipiga vita zile pembe za swali lililopita.

Na ile ya mabawa ya kipepeo?

Hiyo ni ya Waingereza zaidi, miaka ya 1460 hadi 1480 na kitu. Kofia ni fupi, imekatwa kama chungu cha maua, imelala nyuma kabisa ya kichwa, halafu waya zinatokeza na kushikilia shela nyepesi inayopepea pande mbili. Wanawake waliipenda mpaka kwenye mabamba ya shaba ya makaburini wakachorwa wamegeuka pembeni ili mabawa yaonekane. Lady Say kule Broxbourne, bamba la mwaka 1473, ni mfano unaojulikana.

Elizabeth Woodville, ndiye White Queen mwenyewe, picha yake iliyoko Queens' College, Cambridge inamwonyesha na kofia ya namna hii na shela inayopitisha mwanga, paji la uso refu. Halafu unafungua tamthilia, Rebecca Ferguson ana nywele ndefu za dhahabu mpaka kiunoni karibu kila sini. Anapendeza, sikatai. Lakini mtindo mzuri kuliko yote ya karne ile ulikuwa pale pale kwenye picha yake.

Hudi ya Kiingereza na hudi ya Kifaransa zinatofautianaje?

Hapa tunaingia enzi za Tudor, ukoo wa Henry VII na Henry VIII. Hudi ni vazi la kichwa lenye umbo gumu mbele na kitambaa kinachoshuka nyuma. Hudi ya Kiingereza ina umbo la paa la nyumba juu ya uso, kona katikati, mikanda miwili inashuka pembeni na baadaye ikawa inakunjwa na kubanwa juu, nyuma kuna kitambaa cheusi. Picha ya Jane Seymour, mke wa tatu wa Henry VIII, aliyochora Holbein 1536 au 1537, iliyoko Vienna, ndo ya kuangalia: nywele zimefichwa kabisa. Hudi ya Kifaransa ni ya mviringo, imesogea nyuma, nywele za mbele zilizogawanywa katikati zinaonekana, ila nyuma bado kuna shela nyeusi iliyoficha zote zilizobaki.

Kosa kubwa la TV ni kukata hiyo shela ya nyuma. Kwenye The Tudors utaona kitu kama utepe mgumu wenye vito kimekaa kichwani, na nywele zinamwagika mgongoni. Hicho ni kibanio cha nywele cha leo. Joan Bergin aliyebuni mavazi yale ni mbunifu mkubwa na ameshinda tuzo ya TV ya Emmy, walichagua mvuto kuliko historia na walijua wanachofanya, sawa, ila watazamaji wengi wamebaki wanaamini hiyo ndo hudi.

Anne Boleyn ndiye aliyeleta hudi ya Kifaransa Uingereza?

Anne, mke wa pili wa Henry VIII, aliipendezesha, aliivaa sana, alikulia Ufaransa. Lakini mtindo ulikuwa unajulikana kwa Waingereza kabla yake, dada yake Henry VIII aliwahi kuwa malkia wa Ufaransa mwaka 1514 na 1515. Na cha kushangaza, sura ya Anne ambayo haina ubishi kwamba ilitengenezwa akiwa hai ni medali ya risasi ya mwaka 1534 iliyoko British Museum, na kwenye hiyo kavaa hudi ya Kiingereza, lile paa.

Baada ya yeye kuuawa Jane Seymour alirudisha mambo ya Kiingereza. Mwaka 1537 msichana Anne Basset alipoingia kumtumikia malkia, barua zilienda kwa mama yake kule Calais kwamba mavazi ya kichwa ya Kifaransa hayatakiwi, anunuliwe ya Kiingereza. Yaani kofia ilikuwa siasa: ukivaa ile ya malkia aliyekatwa kichwa unasema uko upande gani.

## Mavazi ya kifalme

Malkia alivaa taji siku nzima?

Hapana. Taji ni la sherehe: kutawazwa, sikukuu kubwa, kupokea wageni wa heshima. Wafalme wa Uingereza tangu enzi za William I walikuwa na utaratibu wa kuvaa taji hadharani Krismasi, Pasaka na Pentekoste. Siku za kawaida malkia alivaa kama wanawake wengine wa daraja la juu, tofauti ni ubora wa kitambaa na vito.

Kuna taji la malkia wa wakati huo lililobaki?

Yapo mawili ya kuangalia, na yanafundisha mengi. La kwanza liko Munich, taji la dhahabu na yakuti na lulu lenye maua ya yungiyungi marefu na mafupi yakipishana. Limeandikwa kwenye orodha ya mali za kifalme London mwaka 1399, inaaminika lililetwa na Anne wa Bohemia alipoolewa na Richard II. Mwaka 1402 likaenda Ujerumani na Blanche binti wa Henry IV alipoolewa. Ndo taji la zamani kuliko yote yanayojulikana kutoka Uingereza. Lile linafunguka vipande vipande kwa ajili ya safari, na kila kipande kina namba ili lifungwe tena sawasawa.

La pili liko hazina ya kanisa kuu la Aachen, la Margaret wa York, dada yake Edward IV, aliyeolewa na Charles wa Burgundy 1468. Lina waridi jeupe, alama ya ukoo wake wa York, na herufi za jina lake. Ni dogo mno, ukiliona unashangaa lilikaaje kichwani. Taji kama lile linakaa juu ya vazi la kichwa au nywele zilizopangwa, halivutwi mpaka kwenye nyusi kama tunavyoona kwenye filamu.

Mbona kwenye picha za kutawazwa malkia ana nywele wazi? Si mmesema aliyeolewa anafunika?

Hilo ndo swali zuri kuliko yote. Siku ya kutawazwa malkia alifungua nywele hata kama kaolewa, hata kama ana watoto. Ilikuwa alama ya usafi na ya kuzaa matunda kwa ufalme, kama Bikira Maria anavyochorwa. Elizabeth Woodville aliolewa na Edward IV akiwa mjane mwenye watoto wawili, na kitabu cha chama cha wauza manyoya London cha miaka ya 1470 kinamwonyesha na taji, fimbo, tufe na nywele za dhahabu zimeshuka mabegani. Anne Boleyn alitawazwa tarehe 1 Juni 1533 akiwa na mimba kubwa ya Elizabeth, na alipopitishwa mjini siku ya kabla yake nywele zilikuwa wazi.

Sasa fikiria ingekuwaje kama tamthilia ingemfunika kichwa malkia episodi zote, halafu siku ya kutawazwa tu ndo tunaziona nywele zake. Watu wangepiga kelele sebuleni. TV inamwaga nywele kuanzia dakika ya kwanza, siku yenyewe ikifika hakuna kitu kilichobaki cha kuonyesha.

Yale manyoya meupe yenye vidoa vyeusi ni ya mnyama gani?

Ermini, mnyama mdogo jamii ya kicheche. Majira ya baridi anageuka mweupe mwili mzima, ncha ya mkia inabaki nyeusi, kila kidoa unachokiona ni mkia mmoja. Ila manyoya yaliyotumika zaidi yalikuwa ya tumbo la kindi. Vazi moja la Henry IV la vipande 9 lilihitaji ngozi karibu 12,000 za kindi na 80 za ermini.

Kulikuwa na sheria za nani avae nini?

Ndiyo. Sheria ya Uingereza ya 1363 iliwakataza wake na mabinti wa wakulima wenye mashamba yao kuvaa shela ya hariri, wavae ya uzi uliotengenezwa nchini, na manyoya yao yawe ya kondoo, sungura, paka au mbweha. Ile ya 1483 ilisema hariri ya zambarau na kitambaa cha dhahabu ni vya familia ya mfalme tu. Zilirudiwa kutungwa mara nyingi, na hiyo yenyewe inakuambia watu walikuwa hawazifuati.

Mbona kwenye TV kila kitu ni kahawia na kijivu?

Ni mtindo wa sasa wa kuonyesha kwamba zamani maisha yalikuwa magumu. Picha zao zimejaa rangi. Nyekundu ghali ilitoka kwa mdudu anayeitwa kermesi, bluu na kijani zilikuwepo hata kwa watu wa kawaida. Nyeusi iliyokolea ilikuwa ghali, na kule Burgundy Duke Philip aliivaa mpaka ikawa fasheni ya wakubwa.

Mjane au aliyefiwa alivaaje?

Uingereza mwishoni mwa karne ya 15 kulikuwa na barbe, kitambaa cheupe chenye marinda kinachoshuka kutoka kidevuni hadi kifuani. Margaret Beaufort, mama yake Henry VII, anahusishwa na kanuni zilizopanga mpaka mahali pa kukivalia: mwanamke wa daraja la juu anakiweka juu ya kidevu, wa chini yake anakiweka chini ya kidevu. Picha zake zote unazozifahamu yuko hivyo, na tamthilia zinamwonyesha kama mtu mkali wa dini kwa sababu hiyo. Angalia tena swali la wimpeli, vazi lililoonekana la kitawa lilikuwa pia la hadhi.

Ufaransa malkia waliomboleza kwa nyeupe. Mary wa Scotland alichorwa hivyo na François Clouet, baada ya kupoteza baba mkwe 1559, kisha mama yake na mumewe wote mwaka 1560. Msichana wa miaka 18, uso peke yake katikati ya weupe.

## Kwenye TV

Kwanini wabunifu wanaacha vichwa wazi?

Sababu zipo na nyingine ni za kweli. Kamera inapenda uso wa karibu, koni inakatwa na fremu. Muigizaji akifunikwa masikio hasikii vizuri. Mtazamaji wa leo anawatambua wahusika kwa nywele, ukiwafunika wanawake sita anawachanganya. Kuvalisha kunachukua muda kila asubuhi. Na kuna ile hofu kwamba akifunikwa hatakuwa na mvuto.

Hiyo ya mwisho ndo siikubali. Rogier van der Weyden alimchora mwanamke karibu 1460, picha iko Washington, shela inapitisha mwanga, unaona sikio chini yake na pini iliyoshika kitambaa. Vitu hivyo vyote vinakupeleka kwenye macho na mdomo wake. Mpiga picha mzuri angefanya hivyohivyo.

Ipi imejitahidi?

Wolf Hall ya BBC, 2015 na ya pili yake 2024, kwa upande wa Uingereza. Joanna Eatwell alibuni yale mavazi, hudi zinakaa sehemu yake, zina shela nyuma, na Claire Foy akiwa Anne anatisha akiwa amefunikwa kuliko wengine walioachwa wazi.

Ni kweli The White Queen ilikuwa na zipu?

Watazamaji waliziona na magazeti ya Uingereza yakaandika mwaka 2013. Zipu ya kisasa ni ya mwaka 1913. Zama za Kati walifunga nguo kwa kamba, vifungo, na pini. Mimi zipu hainiumizi sana, ni sekunde moja ya mgongo. Kichwa wazi ni masaa kumi.

Reign je?

Reign ilitengeneza gauni za kisasa kwa makusudi, ilikuwa ya vijana na haikujificha. Iangalie kama hadithi, usijifunzie mavazi humo.

Na Hürrem kwenye ile tamthilia ya Sultani ya Kituruki?

Hiyo ni Muhteşem Yüzyıl, 2011 hadi 2014, na Hürrem ni mke wa Sultani Suleiman wa Waothmani, waliotawala Uturuki ya karne ya 16. Hürrem wa kwenye tamthilia anavaa vitaji vya mawe na gauni za kifua wazi, mambo ya Ulaya zaidi kuliko ya harem ya Istanbul. Wanawake wa kasri la Waothmani walivaa kofia zilizopandishwa na shela juu yake, na nguo za tabaka tabaka, joho juu ya joho, suruali ndani. Uturuki kwenyewe ilizua kelele, Erdoğan, waziri mkuu wakati huo, aliisema hadharani 2012.

Tatizo lingine ni ushahidi. Ile picha maarufu inayohusishwa na Hürrem, ya karakana ya Titian, iko Florida sasa, ilichorwa Venice na watu ambao hawakuwahi kumwona, maana mchoraji mwanamume wa nje asingeingia kule ndani. Kwahiyo hata ile kofia yake ndefu kwenye picha ichukulie kwa tahadhari.

House of the Dragon na Game of Thrones tuzihukumu kwa vipimo hivi?

Hapana, ile ni dunia ya kubuni. Wana haki ya kuchanganya.

## Maswali ya pembeni

Tunajuaje haya yote kama nguo zimeoza?

Picha za vitabu vya mkono, sanamu za makaburi, mabamba ya shaba, wosia, na hesabu za stoo za wafalme kama zile pini za Joan. Nguo zenyewe ni chache sana. Gauni la dhahabu linalohusishwa na Malkia Margareta liko kanisa kuu la Uppsala, Sweden, ni la mwanzoni mwa karne ya 15, na Budapest kuna gauni la Malkia Mary wa Hungary la karne ya 16. Vazi la kichwa ndo baya zaidi, kitani kinaoza na kilichobaki kilikatwa kutumika tena. Na picha nyingi za malkia unazoziona ni nakala za baadaye, hata ile ya Elizabeth Woodville, nakala ikipita mikono mitatu mchoraji wa mwisho hajui tena ile waya ilikuwa inafanya nini.

Wanawake wa kawaida walivaa hizi?

Koni na pembe kubwa hapana. Walivaa kofia ya kitani na kitambaa kilichofungwa kwa namna nyingi, kama picha za Luttrell Psalter, kitabu cha zaburi cha Uingereza cha karne ya 14, zinavyoonyesha. Shambani hata malkia angefunga hivyo.

Nataka kushona henini kwa ajili ya igizo la shule, nianzie wapi?

Anza na kofia ndogo ya pamba inayobana kichwa, usiruke hatua hiyo, bila hiyo utaishika kwa mkono usiku kucha. Koni itengeneze kwa manila ngumu au filti, sentimita 25 au 30 inatosha, ndefu zaidi itakuvuta shingo. Ifunike kitambaa cheusi au cha kung'aa. Ukanda wa velveti nyeusi upite juu ya paji na kushuka mpaka mabegani, na ushone kitanzi kidogo mbele. Bana koni kwenye kofia ya chini kwa pini ikiwa imelala nyuma, ujipime kwa kioo cha pembeni. Shela tumia kitambaa chepesi kabisa, kile cha chandarua laini au shifoni, ukibane kwenye ncha kiache kianguke.

Nywele zote ndani. Kama kuna nywele za mtoto zinatokeza pembeni zibane kwa maji na mafuta kidogo, na kwa wasichana wenye rasta nene fanya kofia fupi ya kipepeo badala ya koni, rasta zinajaa ndani vizuri na zinaishika yenyewe.